Bei ya Haki ya Seti Kongwe ya Dramu

Niliitwa siku moja nyumbani kwa mzee mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, nikaombwa niwe mwamuzi wa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuharibu mazungumzo ya majuma mawili. Mzee huyo alipiga dramu katika bendi ya dansi enzi za ujana wake, na seti aliyoitumia ilikuwa bado imefunikwa turubai katika chumba cha uani. Aliyetaka kuinunua alikuwa mwalimu wa kwaya. Mzee alitaka shilingi 4,500,000, na mwalimu alikuwa tayari kutoa 400,000. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake: mjukuu wa mzee alikuwa ameona kwenye simu seti ya zamani ya Kimarekani ikiuzwa kwa maelfu ya dola, na mwalimu alikuwa amepigiwa simu na ndugu yake wa Dar es Salaam kuhusu seti iliyotumika miaka mitatu tu, yenye rangi inayong'aa, iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na siku ile niliona ngozi ikivutwa pande mbili hadi karibu kupasuka. Hata hivyo, nilipowasikiliza kwa makini niligundua kwamba hakuna aliyekuwa akidanganya, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitaja bei ya kitu kingine. Mzee alikuwa akitaja bei ya mkusanyaji, yaani mtu anayenunua dramu kama vile mwingine anavyonunua sarafu za kale. Mwalimu alikuwa akitaja bei ya kazi, yaani thamani ya chombo kitakachopigwa kila Jumapili na kila harusi. Ipo pia bei ya tatu, ambayo hakuna aliyeitaja, nayo ni bei ya vipande: ukiifumua seti ukauza snea (dramu ndogo yenye nyaya chini yake) peke yake, matoazi peke yake, pedali peke yake na vishikizo vya skrubu kimoja kimoja, jumla yake inaweza kuzidi bei ya seti nzima, ingawa mwishoni utakuwa umeua ala ya muziki ili upate fedha ya vipuri vyake. Ugomvi mwingi wa bei za dramu kongwe hutokana na kuchanganya bei hizi tatu, kwa hiyo inafaa tuzichambue.

Tuanze na bei ya mkusanyaji, maana ndiyo inayowatia watu wazimu. Tarehe 9 Februari 1964 bendi ya Beatles ilionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan huko Marekani, na mpiga dramu wao, Ringo Starr, alikuwa ameketi nyuma ya seti ya Ludwig iliyoandikwa jina la kiwanda kwenye ngozi ya mbele ya besi, ile dramu kubwa inayopigwa kwa pedali ya mguu. Kabla ya hapo alikuwa akipiga Premier ya Kiingereza. Usiku ule mmoja ulikifanyia kiwanda cha Ludwig cha Chicago kazi ambayo tangazo lolote la kulipia lisingeiweza, na mpaka leo seti za Ludwig za miaka ya 1960 huuzwa ghali kuliko seti nyingine za umri uleule zenye mbao nzuri vilevile. Seti ya kwanza ya Ludwig ya Ringo iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 2. Mbao za dramu ile hazikuwa na tofauti na za dramu nyingine zilizotoka kiwandani mwezi uleule. Mnunuzi alilipia mikono iliyozigusa.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji haanzi na sauti, anaanza na uthibitisho. Anataka kujua kiwanda, mwaka na kama kila kitu ni kile kilichotoka nacho kiwandani. Huangalia beji, kile kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye tundu la hewa, kwa kuwa viwanda vilibadilisha beji zao kwa nyakati zinazojulikana: beji ya Gretsch ya miaka ya 1960, kwa mfano, ni ya mviringo, na ile ya miaka ya 1970 ina pembe nane. Ludwig walianza kupiga namba kwenye beji mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa namba hizo hazikufuata mpangilio madhubuti na asiyejua huweza kuzisoma vibaya. Mkusanyaji huchungulia pia ndani. Dramu nyingi za Ludwig za miaka ya 1960 zilipakwa ndani rangi ya kijivu yenye madoadoa, na mtu aliyeikwangua ili “aisafishe” amefuta saini ya kiwanda kwa mkono wake mwenyewe. Rangi ya nje ndiyo yenye uzito kuliko yote. Plastiki ya nje ikibanduliwa na kubandikwa mpya, hata ikiwa nzuri kuliko ile ya mwanzo, thamani kwa mkusanyaji hushuka sana. Tundu moja lililotobolewa na fundi ili kufunga mkono wa kiwanda kingine wa kushikilia tomtomu (dramu za kati zisizo na nyaya) nalo hushusha bei, wala hakuna namna ya kuliziba lisionekane na jicho lililozoea.

Ukubwa nao una siasa yake. Seti ndogo, yenye besi ya inchi 20, tomtomu ya inchi 12 na tomtomu ya kusimama sakafuni ya inchi 14, hutafutwa kuliko seti yenye besi ya inchi 24, kwa sababu wanunuzi wengi wa dramu kongwe ni watu wa jazi na wa studio, na wengine wanaishi katika nyumba ndogo. Mtu wa Tabora anayepiga uwanjani bila maikrofoni ya besi angefikiri kinyume kabisa.

Sasa, je, bei hiyo inafika Tabora? Hapa ndipo niliposimama muda mrefu na mjukuu wa mzee, kijana msikivu ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: alisoma bei iliyoombwa akaidhani ni bei iliyolipwa. Muuzaji yeyote anaweza kuandika dola 5,000 na tangazo likakaa miaka miwili bila kuguswa. Thamani ya soko inaonekana katika vitu vilivyokwisha kuuzwa, na hata hapo lazima ulinganishe kiwanda kilekile, ukubwa uleule na hali ileile.

Halafu kuna safari. Dramu ni hewa iliyozungushiwa mbao, na mashirika ya ndege hutoza mizigo mikubwa myepesi kwa ujazo wake. Kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita na kugawanya kwa 6,000 ili kupata kilo za kulipia. Kasha la besi moja lenye sentimita 60 kwa 60 kwa 45 hutoka kilo 27, wakati besi yenyewe haifiki hata nusu ya uzito huo. Ongeza tomtomu mbili, snea na vyuma, ongeza usafiri wa kutoka Tabora hadi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ongeza ufungaji wa kitaalamu, ushuru wa nchi inakoenda, na miezi ya kujibu maswali ya wanunuzi wanaotaka picha ya skrubu ya saba. Anayeyabeba hayo yote ana haki ya kudai bei ya mkusanyaji. Anayeketi uani Ng'ambo akisubiri mteja wa mtaani aje na bajaji hawezi kudai malipo ya kazi ambayo hajaifanya. Kwa maoni yangu, huu ndio mpaka wa haki ambao pande zote mbili hukataa kuuona.

Nilipoinua lile turubai nilikuta Premier. Kiwanda hiki kilianza London mwaka 1922, kikahamia Leicester wakati wa Vita Kuu ya Pili baada ya kupigwa mabomu, na kwa kuwa kilikuwa cha Mwingereza, dramu zake zilifika kwa wingi katika nchi alizozitawala. Haishangazi kuikuta moja hapa. Tabora ilikuwa na bendi ya Kiko Kids, ikawa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1912 iliwaleta wanamuziki, ala zao na santuri kutoka pande zote mbili, Dar es Salaam na Kigoma. Premier za zamani zinasifika kwa kromu yake. Nikapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kwenye pete ya tomtomu, na chini ya vumbi la miaka mingi ikatoka iking'aa hata nikaona ndevu zangu. Soko la dunia, hata hivyo, huzipa Premier nyingi bei ya chini kuliko Ludwig, Gretsch au Slingerland za umri uleule. Mjukuu alikuwa amesoma bei ya Ludwig. Hilo pekee lilikata sehemu kubwa ya zile milioni nne na nusu, na mzee akanyamaza kwa muda kabla ya kusema, “Mwanangu, kwa hiyo tatizo langu ni kwamba Ringo aliacha Premier?” Nikamjibu kwamba kwa kiasi fulani ndiyo.

Bei ya kazi inahitaji mikono zaidi kuliko simu. Nilianza kwa kuvua ngozi za tomtomu, kwa sababu uhai wa dramu uko kwenye ukingo, ule mdomo mwembamba wa mbao ambao ngozi inaukalia. Sisi wa Tabora tukisikia “mzinga” tunafikiri asali kwanza, lakini neno hilohilo ndilo jina la tumbo la ngoma, na kama vile mzinga wa nyuki wenye ufa haufai, mzinga wa dramu uliopinda hautulii sauti hata uukaze vipi. Nikaulaza mzinga juu ya meza yenye kioo, nikazima taa, nikaweka tochi ya simu ndani yake. Mwanga ukipenya chini ya ukingo mahali pamoja, pale pamebonyea au pamelika. Ulipenya kidogo upande mmoja, upana wa kucha. Kisha nikapima kipenyo kwa futi ya fundi cherehani mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezungusha robo. Vipimo vikitofautiana kwa milimita moja au mbili si neno. Vikizidi hapo, ngozi itaingia kwa shida na dramu haitakubali kurekebishwa sauti.

Nikachunguza pia maungio ya ndani, pale ambapo tabaka za mbao hukutana. Kiangazi cha hapa, kuanzia Juni hadi Oktoba, hukausha gundi ya zamani hadi tabaka zikaanza kuachana, na ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia sauti kavu ya kupwaya mahali palipoachana. Yeyote aliyewahi kumpelekea seremala mlango wa plaiwudi uliofumuka anaijua sauti hiyo. Nikatafuta vitundu vya bungua na unga wake. Havikuwapo, na nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwani bungua wakishaingia hakuna mjadala wa bei tena. Huko Kigoma ningehangaika zaidi na kutu, kwa sababu unyevu wa ziwa haufichi hasira zake kwa chuma.

Kwa snea nilitumia sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu. Mzinga wa snea wa chuma cha kawaida hunasa sumaku, ule wa shaba nyeupe au aluminiamu hauinasi, na tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Hii ilikuwa ya mbao, kwa hiyo sumaku ilinisaidia kwenye pete tu. Swichi ya kubana na kulegeza nyaya ilikuwa ikifanya kazi, ila nyaya nne zilikuwa zimekatika, jambo dogo.

Matoazi yanahitaji kuhukumiwa peke yake. Toazi jema hutengenezwa kwa shaba nyeusi yenye takriban sehemu 80 za shaba nyekundu na 20 za bati, na yale ya rahisi hutengenezwa kwa shaba nyeupe, ambayo sauti yake hufa mapema kama sufuria iliyofunikwa. Lishike toazi kwa kamba, ligonge kwa ncha ya kidole, ulisikilize hadi linyamaze lenyewe. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wake wote ukitafuta ufa, kwa maana ufa wa nusu sentimita leo ni ufa wa vidole vitatu baada ya Pasaka. La mzee lilikuwa na ufa wa namna hiyo, nami nikalipa thamani ya sifuri, ingawa lilikuwa na mhuri wa Zildjian, kiwanda maarufu cha matoazi. Mkusanyaji huenda angelichukua. Kwaya ingelichukua kwa ajili ya kulia nalo.

Likabaki jambo moja ambalo huwaumiza wanunuzi wa Premier za zamani bila wao kujua. Hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1960, dramu za kiwanda hicho zenye inchi 12 na 14 hazikulingana kabisa na vipimo vya kimataifa, kiasi kwamba ngozi ya kawaida inayouzwa Kariakoo haikai juu yake sawasawa. Ziko ngozi maalumu zinazotengenezwa kwa ajili yake, lakini ni za kuagiza kutoka nje. Tomtomu ndogo na snea za mzee zilikuwa hivyo. Besi ya inchi 20 na tomtomu ya sakafuni ya inchi 16 hazikuwa na tatizo. Kwa mkusanyaji jambo hilo ni ushahidi wa umri na linampendeza. Kwa kwaya ni gharama itakayorudi kila ngozi ikipasuka. Kitu kilekile kinapandisha bei moja na kushusha nyingine.

Tukaketi kupiga hesabu. Takwimu hizi ni za siku ile na za watu wale, msomaji asizichukue kama bei ya soko. Tulikubaliana kwanza kwamba seti ya kawaida iliyotumika, iliyo tayari kupigwa, ingemgharimu mwalimu 1,200,000 hadi imfikie Tabora. Ile ya bei ya kutupa aliyoisikia haikuwa na matoazi, viti wala nauli, na alipoviongeza alishangaa mwenyewe. Kutoka hapo tukatoa 240,000 za ngozi, 80,000 za pedali iliyokosa springi na mnyororo, na 150,000 kwa usumbufu wa vile vipimo. Ikabaki 730,000. Mwalimu alitaka tuishie hapo, nikakataa. Mbao na kromu zilizovumilia zaidi ya nusu karne zitavumilia zaidi ya seti mpya ya rahisi ambayo skrubu zake hulika nyuzi mwaka wa pili, na uimara ni sehemu ya kazi, kwa hiyo lazima ulipiwe. Tukaongeza 150,000, ikawa 880,000.

Kabla ya mkono kupeanwa niliuliza swali ambalo halikumpendeza mzee: seti hii ni ya nani? Bendi nyingi za enzi zile hazikuwa na wanamuziki waliomiliki ala. Ala zilikuwa za mwenye bendi, au za chama, au za shirika lililoigharimia bendi, na mpigaji aliondoka na mikono yake tu. Seti ambayo mwenyewe anaweza kujitokeza kuidai haina bei ya haki, hata ikiuzwa kwa shilingi mia. Mzee aliingia ndani akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye saini ya marehemu mwenye bendi, ikieleza kwamba amepewa dramu badala ya mshahara wa miezi aliyokuwa akidai. Tuliandika makubaliano mapya, na mwenyekiti wa mtaa akawa shahidi.

Ninajua kuna msomaji atakayeuliza: je, ingekuwa kinyume? Je, turubai lingefunuliwa likatoa Gretsch yenye beji ya mviringo, haijatobolewa, rangi yake ileile, na mzee asiyejua kitu akataka 400,000? Wafanyabiashara wengi watasema ujinga wa muuzaji ni bahati ya mnunuzi. Mimi sikubali, angalau si pale ambapo mnunuzi anajua kabisa kile anachokiona na ananyamaza kwa makusudi. Bei huitwa ya haki pale pande zote mbili zinapojua ni bei ipi kati ya zile tatu inayozungumzwa. Mwambie mzee kwamba chombo chake kina wateja mbali, mweleze gharama ya kuwafikia, kisha mpe nafasi achague kati ya fedha kidogo leo na fedha nyingi pengine mwakani. Akichagua ya leo, nunua na ulale usingizi. Waweza pia kumwahidi mgawo iwapo utaiuza ng'ambo, nami nimeona mapatano ya namna hiyo yakiheshimiwa, yakiandikwa.

Kwa upande wa Ng'ambo yetu hii ya Tabora, walipatana 900,000, zile 20,000 zikiwa, kwa maneno ya mwalimu, “za turubai”. Alilipa 600,000 siku ile na kuahidi zilizobaki baada ya mavuno ya tumbaku. Vijana wa kwaya walipoanza kubeba, mzee aliwasimamisha, akaomba bisibisi, akafungua ngozi ya mbele ya besi, ile yenye jina la bendi yake lililopakwa kwa rangi nyekundu inayobanduka. Mwalimu alinitazama kuuliza kama hilo linabadilisha hesabu. Kwa mkusanyaji lingeibadilisha, tena sana. Lakini tulikuwa tumeshatoa gharama ya ngozi mpya, na kwaya ilikuwa na jina lake yenyewe la kuandika, kwa hiyo nilitikisa kichwa, na mzee akaingia nayo ndani.